Bustani Iliyomwagiliwa Mlangoni Tu

Kila asubuhi, kabla jua la mtaa wa Miyuji halijaanza kuchoma, mama yake Ruthu alisimama barazani, mkoba begani, akatoa agizo lilelile.

"Ruthu, ukoka unywe maji leo. Wote, mpaka kule ukutani."

"Sawa, Mama."

"Maji ya kusuuzia nguo usiyamwage bure. Na usingoje jua liwe kali."

"Sawa, Mama."

Ruthu alikuwa hodari sana wa kusema sawa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko likizo ya Desemba, na kazi yake ya likizo ilikuwa hiyo moja: kutunza bustani ya majani iliyokuwa mbele ya nyumba. Mama alikuwa muuguzi. Baba alifanya kazi wizarani. Wote wawili walitoka alfajiri na kurudi kiza kikiingia, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kushika ndoo.

Ukoka ule Mama aliupanda kwa mikono yake, shina baada ya shina, katika udongo mwekundu ambao hata kuku waliudharau. Aliupenda kwa sababu moja. Kutwa nzima alikuwa amesimama wodini, na jioni alipofika nyumbani, kabla hajamsalimu mtu, alivua viatu mlangoni akakanyaga majani yale yenye ubaridi. Hapo ndipo uso wake ulipokunjuka.

Wiki ya kwanza ya likizo Ruthu alimwagilia bustani yote. Wiki ya pili aligundua jambo. Mama, akirudi gizani, alikanyaga mahali palepale kila siku, palipotosha mkeka mmoja, mbele ya ngazi ya baraza. Pakiwa na maji, Mama alisema, "Ahsante, mwanangu, umefanya kazi." Hakwenda kupapasa kule ukutani.

Basi Ruthu akaona hakuna haja ya kujichosha. Kila jioni alichota kopo moja la maji, akalimwaga mbele ya ngazi, kisha akarudi kwenye runinga. Mahali pale palistawi kweli kweli. Kwingine kote, mvua zikiwa zimechelewa, ukoka uligeuka rangi ya ufagio mkuukuu. Kwa kuwa wazazi waliondoka gizani na kurudi gizani, hakuna aliyeona. Jumamosi tu, siku ya mapumziko yao, ndiyo iliyomtisha, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Siku ya Alhamisi alifika Bibi, mama yake Baba, kutoka kijijini upande wa Chamwino. Alikuja na kapu la karanga ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzitafuna, kwa sababu meno yake yalikuwa yamekwisha. Hilo ndilo lililomleta mjini. Jumatatu alikuwa na miadi hospitalini ya kuwekewa meno ya bandia, miadi aliyoingoja tangu mavuno.

Ijumaa asubuhi, wazazi walipokwisha kuondoka, Bibi alitoka nje, akasimama, akashika kiuno.

"Ruthu! Mama yako anaumwa?"

"Hapana, Bibi. Ni mzima."

"Na baba yako?"

"Naye mzima."

"Sasa mbona majani yamefika mpaka mlangoni na watu wazima wapo?"

Kijijini kwa Bibi, uwanja wa nyumba hufagiliwa ukabaki mweupe. Majani yakiota karibu na mlango, wapita njia husema wenye nyumba wamehama, au wamelala kitandani wanaugua, au wanafuga nyoka. Bibi aliona aibu kwa niaba ya mwanawe.

Ruthu aliitazama bustani iliyokauka, akamtazama Bibi, na wazo likamjia. Halikuwa wazo jema. Majani yaking'olewa yote, nani atajua kwamba yalikufa kwa kiu?

"Bibi," alisema kwa sauti ya upole mno, "Mama anatafuta mtu wa kuyang'oa. Ni vile tu hana nafasi."

"Anatafuta mtu? Na mimi je, ni pambo?" Bibi akakaza khanga yake. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi la kwangu nalitaka leo."

Jembe halikuwapo nyumbani. Waliliazima kwa jirani, Mama Asma, mwenyeji wa Kondoa, aliyekuwa na shamba, mbuzi, na habari za mtaa mzima.

Bibi alilima. Mzee asiye na jino hata moja alilima kama vijana wanaoshindana, huku akiimba kwa Kigogo na kumsimulia Ruthu ubaya wa nyoka. Ruthu alizoa majani na kuyarundika nyuma ya nyumba. Walipofika mbele ya ngazi, akaushika mpini.

"Bibi, hapa tupaache. Hapa ni pabichi."

"Mjukuu wangu, kichwa hakinyolewi nusu," alisema Bibi, akashusha jembe.

Alipomaliza alifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, akauchora mistari mizuri ya mawimbi. Kisha akaketi barazani kumngoja mkwewe aje afurahi.

Mama alifika kiza kikiwa kimeingia. Alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akafumba macho, akashusha mguu. Vumbi. Akaunyanyua, akashusha mwingine. Vumbi tena. Akafungua macho akaangalia namba ya nyumba.

"Karibu, mkwe wangu!" Bibi aliita. "Nimekusaidia kazi yako!"

Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini, akamulika kwa simu. Uwanja wote ulikuwa mwekundu, msafi, hauna hata unyasi. Mama akaokota viatu vyake. Kumgombeza mama mkwe ni jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi, hata kama moyo unatokota.

"Ahsante, mama," alisema mwishowe. "Pamekuwa... pamekuwa peupe."

Kisha akaingia ndani, na wote wakasikia mlango wa chumba ukifungwa.

Wakati wa chakula Baba alimuuliza Bibi taratibu, "Mama, ile ilikuwa bustani ya mwenzangu. Nani alikuambia uing'oe?"

Bibi akageuka akamtazama Ruthu. Ruthu alikuwa na tonge la ugali mkononi. Aliinamisha kichwa kwenye bakuli la mlenda kana kwamba ameangusha kitu ndani yake.

"Nilijituma mwenyewe," alisema Bibi.

Mama aliondoa vyombo kwa kelele kuliko siku zote, na kila sufuria ilipolia, Bibi alizidi kujikunyata kwenye kiti chake.

Asubuhi ya Jumamosi Ruthu alikuta mzigo wa Bibi umefungwa, uko mlangoni. Nje, kijana wa bodaboda aitwaye Khalidi alikuwa anangoja, pikipiki inanguruma.

"Bibi unakwenda wapi? Na meno yako?"

"Vijijini watu wanaishi bila meno," alisema Bibi. "Lakini kukaa katika nyumba ya mtu niliyemkosea, siwezi."

Baba alimsihi abaki, lakini Bibi hakusikia. Mama alisimama kando, amekunja mikono, macho mekundu. Bibi akamwomba Khalidi amsaidie kupanda. Ruthu akaushika mzigo wa Bibi. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua, na hilo hasa ndilo lililomtia hofu.

"Mama, ni mimi!" alipiga kelele kushinda mngurumo wa pikipiki. "Bibi hakujituma!"

Khalidi akazima pikipiki. "Hebu malizia, mdogo wangu," alisema. "Sina haraka."

Ruthu akamaliza, kwa machozi na kwikwi. "Nilimdanganya kwamba unatafuta mtu wa kuyang'oa. Majani yalikuwa yamekufa kabla hajashika jembe. Nilikuwa namwagilia pale unapokanyaga tu."

Mama akaitazama miguu yake.

"Yaani kopo moja," alisema polepole. "Siku zote hizi ulikuwa unamwagilia nyayo zangu?"

Khalidi alijitahidi kukohoa, lakini kikohozi kikatoka kicheko. Baba akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Bibi naye akacheka kwa ufizi mtupu mpaka akaomba kiti. Mama peke yake ndiye hakucheka. Alimwendea Bibi, akapiga goti mbele yake pale vumbini.

"Mama, nisamehe. Nilikununia usiku kucha bure."

"Inuka, mwanangu. Mzigo huu nimeufunga na kuufungua, nangoja kinywa cha mtoto kifunguke. Nilianza kudhani kimeota kutu."

Khalidi aliambiwa arudi Jumatatu. Baba na Mama walizunguka nyuma ya nyumba, wakapekua lile rundo. Mengi yalikuwa makapi. Lakini juu kabisa yalilala majani ya mbele ya ngazi, yaliyong'olewa mwisho, mashina yake bado mabichi.

"Haya yatashika," alisema Mama, akamwona Ruthu anaanza kutabasamu. "Usijisifu. Utayapanda wewe, shina baada ya shina, na utayamwagilia mpaka ukutani."

Kisha akamketisha ngazini. "Sikiliza. Kazi uliyonifanyia mimi ili nikuone u hodari, haikuwa kazi, ilikuwa uongo wenye maji. Hata hivyo majani yataota. Kilichoniuma ni kwamba jana mtu asiye na kosa alibeba aibu yako mezani, nawe ukamwacha aibebe. Ukikosea, liseme kosa lako mapema, lingali dogo. Likikaa, huangukia mtu mwingine."

Ruthu aliomba radhi kwa Mama, akaomba kwa Bibi, kisha akachukua ndoo.

Jumatatu, Bibi akiwa ameshapakiwa na Khalidi kwenda hospitalini, Ruthu alikuwa amepiga magoti uwanjani, mikono imejaa udongo, mstari wa mashina umefika katikati. Mama Asma alichungulia juu ya ukuta, amefuata jembe lake.

"Pole, mwanangu. Mtaa mzima umesikia. Hivi ni kweli bibi yako ndiye aliyeiharibu bustani ya mama yako?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Bibi hakuwapo kusikia.

Ruthu alisimama, akajipangusa magoti. "Hapana, Mama Asma," alijibu kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Bibi alishika jembe tu. Aliyeiharibu ni mimi."