Swali la Waithira kwa Wabunge

Endarasha nzima ilimjua Waithira, au Mama Shiro, kwa mambo mawili: viazi vyake na sauti yake. Mgeni akija, awe askofu au chifu mpya, Waithira ndiye aliyeongoza nyimbo za kumkaribisha. Basi aliposikia wabunge wanakuja Nyeri, alinunua kitambaa kipya cha kichwa siku hiyo hiyo.

Lakini moyo wake haukuwa mtulivu. Mdogo wake, Mwai, alikuwa rumande mwezi wa tano sasa. Alishtakiwa kwamba aliiba kondoo. Yeye alisema siku ile alikuwa Naro Moru, akibebea watalii mizigo mlimani. Nani angemsaidia kuthibitisha? Hakuwa na wakili. Waithira alikwenda kumwombea wakili wa bure, akarudi mikono mitupu.

Jirani yake Kinyua alimkuta shambani akivuna. Kinyua alikuwa amesomea kusaidia watu katika mambo ya sheria.

"Mama Shiro, ati unaandalia wabunge nyimbo?"

"Mgeni ni mgeni, Kinyua."

"Hawa wanakuja kazi. Kwani ile ofisi ya msaada wa sheria ilikuambia nini?"

"Ati kanuni mpya zinasema mwenye kesi aje mwenyewe, na kitambulisho mkononi. Nikawaambia yuko jela! Wakasema kanuni ni kanuni."

Kinyua alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akaacha kucheka.

"Sikia, mama. Hizo kanuni zimetungwa na waziri, na waziri si Mungu. Lazima azipeleke Bungeni. Huko kuna kamati ya kuzichunguza. Ikiona zinaumiza watu, Bunge linaweza kuzifuta. Ndiyo maana wanakuja kuuliza wananchi."

"Na mimi wa viazi nitaambia Bunge nini?"

"Hayo hayo uliyoniambia. Usitie chumvi."

Siku ikafika. Ukumbi wa mkutano ulijaa pomoni. Wabunge walipoingia, akina mama wa kikundi chake cha nyimbo walisimama.

"Waithira, anzisha!" walimhimiza.

Waithira alisimama, akawageukia wabunge.

"Leo siimbi," alisema. "Niko na swali."

Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani, akaagiza apewe kipaza sauti.

"Mheshimiwa, kanuni inasema mtu wa rumande aende ofisini mwenyewe kuomba wakili. Kitambulisho chake kiko na askari jela. Yeye mwenyewe yuko na askari jela. Sasa atatokea mlango gani?"

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alifungua karatasi zake, akasoma, akarudia kusoma.

"Tulipitia hapa na hatukuona," aliwaambia wenzake. Akamgeukia karani. "Andika kila neno la huyu mama!"

Makofi yalilipuka. Waithira alikaa chini akitabasamu. Hata kitambaa kilikuwa kimemteleza kichwani, na hakujali.

Wiki saba baadaye, Kinyua alikuja mbio, redio mkononi. "Wameifuta! Mama Shiro, wameifuta!"

Kanuni ile iliandikwa upya. Sasa fomu zilipelekwa gerezani, na jamaa wa mshtakiwa aliweza kuomba kwa niaba yake. Waithira alikuwa ofisini asubuhi ya kwanza ya kanuni hiyo mpya, kabla mlango haujafunguliwa.

Mwai akapata wakili, binti mmoja mwepesi kama swara. Alikwenda hadi Naro Moru, akapata daftari la wapagazi. Tarehe ile ile ya wizi, jina la Mwai lilikuwemo, na sahihi yake. Hakimu alisoma, akamwachilia huru.

Mwai alifika Endarasha mchana, amekonda, mfuko wa nguo begani. Akina mama wa kikundi walikuwa wamejipanga langoni. Safari hii hakuna aliyemhimiza Waithira. Alifunga kitambaa chake kipya, akavuta pumzi, akaanza ule wimbo ambao wabunge hawakuimbiwa.