Ugonjwa Wangu wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kuokota pini. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni karibu na dirisha. Yeye anashona, mimi natambaa sakafuni na sumaku, nikizikusanya pini kabla hazijamchoma mtu mguu. Huku tunapiga soga na kuwacheka wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni leo hiihii. Siku nyingine Mama ni wa wateja, lakini Jumamosi ni wangu peke yangu. Nawaambia mapema mnielewe: sikupenda kuingiliwa.

Basi Jumamosi moja, saa nne hivi, tukasikia hodi. Walikuwa Babu, Shangazi na binti yake. Walikuwa wametoka kumpima Babu macho, na gari la kuwarudisha kwao lilikuwa la jioni.

"Tukasema tupite tuwasalimie," Shangazi akasema, huku ameshavua viatu.

Baba alikuwa kazini, kwa hiyo wageni wote walikuwa wa Mama. Akasukuma kitambaa pembeni, uso umejaa furaha. Mimi niliwaamkia, kisha nikabaki nimesimama na sumaku yangu mkononi.

"Mtakula hapa," Mama akasema. "Maharage yako jikoni, bado sijayaunga. Niambieni kila mtu anakula nini."

Hapo maradhi yakaanza kutajwa. Babu ana sukari, kwa hiyo wali apakuliwe kiduchu na mboga za majani ziwe nyingi. Shangazi ana presha, chumvi asiione. Na binamu yangu, mwenye miaka kumi na miwili kama mimi, karanga hali kabisa. Akizionja tu, midomo inavimba na pumzi inambana. Na sisi maharage yetu huungwa kwa karanga, chumvi na pilipili ya kutosha.

Ungedhani Mama kapewa zawadi. Aligawa maharage kwenye sufuria tatu, kila moja na mambo yake. Kwa ajili ya binamu yangu alitoa mwiko mpya, akauosha mara mbili, akaniambia, "Huu usiuguse, mikono yako imeshika karanga za kuungia." Mwiko wa nyumbani kwetu, mimi nisiuguse! Kisha akamgeukia yule mtoto na kumuuliza, "Nyanya unapenda, mama? Na kitunguu je?" Kumwita "mama", jina ambalo huniita mimi. Naye akajibu kwa sauti laini, macho chini, na tangu dakika hiyo moyoni mwangu nikambatiza Bibi Harusi.

Mimi niliambiwa ninawe, nikapewa vitunguu nimenye. Hakuna aliyeniuliza kama navipenda. Kadiri nilivyomenya ndivyo nilivyozidi kununa, na machozi yakanitoka, nusu ya vitunguu, nusu yangu mwenyewe. Roho iliniuma, sifichi. Nilijiambia kwamba katika nyumba hii mtu mwenye afya hathaminiwi.

Chakula kilipokaribia kuiva, niliona bakuli limefunikwa pembeni. Ndani yake mlikuwa na viazi vilivyopondwa, bila pilipili, bila chochote. Sikujisumbua kuuliza ni vya nani. Nilimwendea Mama nikamvuta nguo.

"Mama, na mimi siwezi kula maharage. Tumbo linawaka moto."

Akageuka ghafla. "Linawaka wapi?"

"Hapa," nikasema, nikigusa juu ya kitovu.

"Na usiku linakuamsha?"

"Linaniamsha."

Mama akapiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu, akanitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mgeni yeyote siku ile. "Tangu lini, mwanangu? Mbona hukuniambia?" Nilisikia raha mpaka unyayoni. Akafunua lile bakuli, akanipa viazi vyote.

Havikuwa na ladha hata kidogo. Bibi Harusi alikaa ubavuni mwangu, akinusa harufu ya sufuria yetu.

"Karanga zinanukia vizuri," akaninong'oneza. "Kwetu hazinunuliwi kwa sababu yangu. Kaka zangu wananilaumu kila siku."

Nilijifanya sijasikia. Sikutaka kumhurumia mtu ambaye bado nilikuwa na kazi ya kumchukia.

Mama hakula nasi. Yeye hula mwisho, peke yake jikoni, na sisi tumezoea hivyo. Nilipopeleka sahani nilimkuta ameinama juu ya meza, ngumi kaikandamiza tumboni, jasho linamtiririka. Kando yake palikuwa na mabaki ya maharage yetu, yale ya pilipili, ndiyo pekee yaliyosalia. Nikamwita Shangazi, akaja mbio.

"Wifi, umekula haya?" akauliza. "Wewe na vidonda vyako vya tumbo?"

"Nilijipikia viazi," Mama akasema kwa shida. "Nimempa mtoto. Na yeye vimemwanza, Wifi. Dalili zilezile."

Kumbe Mama alikuwa anaumwa siku zote hizo, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini hula peke yake.

Shangazi akatoa chupa ya dawa kabatini, akaiinamisha. Ilijaza kijiko kimoja, ikaisha. "Kunywa," akasema.

Mama akatikisa kichwa. "Mpe mtoto. Mimi nitavumilia mpaka Jumatatu, nitapewa nyingine kliniki."

Kijiko kikaja mbele ya midomo yangu. Babu alikuwa amesimama mlangoni, na Bibi Harusi nyuma yake. Niliwaza kuinywa tu, yaishe, nani atajua? Kisha Mama akaguna kwa maumivu.

"Mimi siumwi," nikasema. "Nilidanganya. Niliona wivu."

Shangazi akageuza mkono taratibu, akamnywesha Mama ile dawa.

"Wivu wa nini?" Bibi Harusi akauliza.

"Wako wewe. Na mwiko wako."

Akanikodolea macho. "Basi chukua ugonjwa wangu, mimi unipe karanga." Wala hakuwa anatania.

Tulimenya viazi pamoja, mimi na yeye. Vilipoiva nilivipeleka chumbani. Mama alikuwa amelala, maumivu yamepungua. Akaketi, akala vijiko vichache, ndipo akasema.

"Ningekupeleka hospitali, ukameza dawa za ugonjwa usio nao. Na siku ukiumwa kweli, nitakuamini vipi?"

"Nisamehe, Mama."

"Na mimi nimekosea, nilificha. Anayeumwa aseme, asiyeumwa asiseme." Akapumua. "Wale wageni sikuwapenda kuliko wewe. Niliogopa. Yule mtoto angeweza kufia mikononi mwangu kwa karanga moja. Siku ukitaka nikuangalie, niambie, 'Mama, niangalie.' Usiniambie unaumwa."

"Basi niangalie," nikasema.

Akaweka bakuli pembeni, akaniangalia, na mimi ndiye niliyeshindwa kuinua macho.