Niliimba Mimi, Akatuzwa Mwingine

Nina miaka ishirini na miwili na sijaolewa. Nakaa Itigi, ambako baba yangu hununua asali kwa warina wa porini na kuisafirisha kwa treni. Nawaandikia, wasomaji wenzangu, kwa sababu jambo hili nimelinyamazia mpaka limenichubua koo.

Mimi ni mgonjwa wa michezo ya nyimbo! Ninyi wa miji mikubwa huenda mnaiona kila mkitaka. Sisi tuliipata baada ya mavuno tu, kundi la Bwana Feruzi liliposhuka stesheni na masanduku yake, likapewa bohari tupu ya mizigo na kutundika pazia la marekani kutoka ukuta hadi ukuta. Wiki ile hata uji wangu uliungua.

Niliupenda Harusi ya Fisi, ambao ulinichekesha mpaka mbavu zikauma. Niliupenda Mke wa Karani, yule mama anayewasemesha kuku wake Kizungu. Lakini Bi Harusi wa Manyoni... jamani! Msichana amevaa nguo za harusi, anamngoja bwana harusi stesheni. Treni inakuja, hashuki. Inakuja nyingine, hashuki. Na kila treni ikiondoka, yeye anaiimbia. Nyimbo zake zote nilizijua. Nilizitwanga kinuni pamoja na uwele, nikazifua pamoja na nguo.

Bi harusi huyo aliigizwa na mwanamume mwembamba aliyeitwa Athumani. Mwanamke kusimama jukwaani mbele za watu? Kwetu ilikuwa sawa na kutoka nje bila nguo. Nami hiyo ndiyo ilikuwa kiu yangu: kusimama pale, mara moja tu, niimbe nikionekana.

Aliyeijua kiu hiyo ni mmoja tu, mchumba wangu Hamisi, karani wa mizigo, mwenye funguo za bohari. Washenga wake walikuwa wamekwisha kuja, baba amekwisha kukubali. Alikuwa akinikuta kisimani husema, "Imba kidogo, Mwanaidi, nipate nguvu ya kurudi kazini." Ningemshukuje?

Mwaka juzi Athumani aliugua homa, sauti ikamkauka kabisa. Alasiri ya mchezo Hamisi alikuja mbio mpaka uani kwetu.

"Leo ni siku yako!" akasema.

"Baba ataniua."

"Atakuona wapi? Utakaa nyuma ya pazia. Athumani atafungua mdomo, wewe utaimba. Na mimi mchumba wako nimekuruhusu. Unaogopa nini tena?"

Bwana Feruzi naye aliniapia. Nikimwokoa siku hiyo, mwaka unaofuata atakwenda mwenyewe kuzungumza na wazee, nisimame jukwaani nikiwa nimejitanda ushungi kwa heshima. Niliamini... Moyo wenye kiu huamini hata mtungi uliotoboka.

Basi niliimba. Niliona kivuli cha Athumani tu kikinyoosha mikono, na nyuma ya kivuli hicho nikasikia bohari nzima ikinyamaza. Kisha vilio. Kisha vigelegele! Wanawake walipanda kumtuza Athumani, wakamvika kanga zao shingoni. Mimi nilikaa juu ya sanduku la nguo, jasho linanitoka, sina hata wa kuniambia ahsante.

Nyumbani nilimkuta mama macho mekundu. "Yule mwanamume," akasema, "Mungu amempa koo la malaika." Nilimpakulia ugali. Mnajua uchungu wa kusifiwa mbele yako, na sifa ikakupita kama treni isiyosimama?

Haikupita miezi mingi, washenga wa Hamisi walirudi. Safari hii hawakuja kupanga siku ya harusi. Walikuja kuvunja uchumba! Mama yake Hamisi alikuwa amempatia binti mwingine, wa jamaa zao, na Hamisi amemkubali. Lakini uchumba hauvunjwi bila sababu, nao sababu waliileta. Nikiwa ndani, nilimsikia mshenga mkubwa akisema, "Mzee, samahani sana. Binti yenu huwaimbia wanaume boharini."

Baba alimgeukia Hamisi, aliyekuwa amefuatana nao. Kisha akauliza, "Hamisi mwanangu, nani aliyekwambia?"

"Nimesikia tu, baba."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu..."

Kwa watu! Yeye aliyenishika mkono na kunipitisha mlango wa nyuma! Nilitaka kutoka nipige kelele. Lakini kwetu mwari hasemi wazee wakizungumzia uchumba wake. Akisema, amethibitisha kwamba hana adabu. Nikauma kanga yangu, nikaadabika, na kwa adabu hiyo nikahukumiwa.

Baba aliwaomba wageni walifiche jambo lile, nao wakalificha. Walipoondoka, mama aliingia. Mama yuleyule wa koo la malaika... alinipiga kofi juu ya mdomo huohuo ulioimba.

Mwaka jana kundi halikuja; mwaka huu Feruzi amerudi. Kwa wazee hakuja, wala salamu hakutuma. Nilimwona Hamisi tu, amesimama kwenye ua wetu wa minyaa, amekwisha kuoa, haoni haya.

"Mwanaidi, tusaidie. Sauti ya Athumani haikurudi sawasawa, na watu wamejaa tele."

"Mkeo haimbi?"

"Usinitanie, bibie. Nyuma ya pazia tu, kama zamani."

"Kama zamani hutanipata. Nenda ukaimbe wewe, si ndiwe msemaji?"

Aliondoka anasonya. Mimi nikamfuata mama mdogo boharini, nikaketi mbele pamoja na wanawake wengine. Athumani alifungua mdomo. Kikatoka kitu kama mlango wenye kutu! Watu wakaanza kuzomea. "Bi harusi, umemeza mkaa?" "Rudi jikoni ukanywe maji!"

Msidhani nilifurahi. Mchezo niliokuwa nikiupenda kuliko yote ulikuwa unakufa mbele yangu, na dawa ilikuwa kooni mwangu. Wimbo ulipanda mpaka kwenye meno. Nikafunga mdomo.

Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinigusa goti. "Masikini, mwanangu, umekuja mwaka mbaya. Mwaka juzi huyuhuyu alituliza sote! Sauti ile sitaisikia tena mpaka naingia kaburini."

Nilimjibu, "Pole, mama."

Dada zangu mnaosoma, nawasihi. Mtu akiwaambia anaipenda sauti yenu, au kazi ya mikono yenu, mwambieni akayaseme hayo mbele ya baba zenu na mbele ya mama yake, mchana, watu wote wakisikia. Akisita, msimpe hata mstari mmoja. Mimi nilitoa wimbo mzima, na leo mjini kwetu watu wanaulilia, nami nakaa katikati yao nikiwapa pole.