Kisiki cha Kinyozi

Jumatatu vinyozi hupumzika. Kwa hiyo Jumatatu ile Kinyozi wa nyumba ya pili kutoka kwetu aliamka jua limeshapanda, akanywa chai bila haraka, akaingia bustanini kung'oa kisiki kwa sururu ya kuazima. Sururu ilikuwa ya kwetu, sina haja ya kuficha. Shoka alipewa na muuza kuni na mtaimbo akapewa na fundi mwashi, maana chombo kizito kuliko vyote alichowahi kumiliki yeye ni mashine ya kunyolea.

Muuza kuni alimtania pale pale. "Ndugu yangu, hicho si kichwa. Tafuta watu wawili wenye mikono, nusu siku kimetoka."

"Nimeona kwenye simu," Kinyozi akajibu. "Jamaa amekitoa peke yake kwa dakika nne."

"Hizo dakika nne alikuwa anakunywa maji."

Kisiki kilikaa upande wa barabara, mbele ya dirisha la chumba cha mama yake, na hapo hapo ndipo alipotaka kujenga kibanda. Miaka kumi na moja alikuwa ananyoa kwenye kiti cha mtu mwingine, anainamia vichwa vya watu hadi mgongo ukaanza kupinda, na kila akifumba macho anakiona kibanda chake: kioo kirefu, benchi la wateja, jina lake mlangoni. Mti wenyewe ulikatwa mwaka uliopita, matawi yalipoanza kunyanyua mabati. Mama alikubali mti ukatwe. Kisiki alikataa.

Mama mtu alikuwa mjane mfupi, mkavu, mpenda ugoro. Kila kikombe alichokinywea alikiachia alama ya kahawia ukingoni, imejikunja kama mwezi mchanga. Mkwewe alisugua kwa majivu mpaka akachoka, akamtengea kikombe chake cha bati, yakaisha. Tena bibi huyo alikuwa na tabia moja iliyomkera mwanawe: hakumpa kitu bila kukionja. Iwe chai, iwe uji, iwe dawa ya kikohozi, lazima apige funda moja kwanza.

"Mama, nina ndevu sasa."

"Ndevu hazizuii kuungua."

Alikuwa na sababu yake. Kabla ya huyu alizika watatu, hakuna aliyefikisha kuota meno. Huyu wa nne naye alipoanza kukataa ziwa, mama alimfunga mgongoni akaondoka alfajiri kwenda kwa mtu. Mtu gani, hakuwahi kusema, ingawa wanawake wa mtaa tulimchimba sana. Alirudi jioni mtoto ananyonya, na mkononi ana mche umeviringishwa kitambaa, akaupanda pale mbele ya dirisha.

Basi Jumatatu ile alitoka na kigoda chake, akakaa mlangoni.

"Unaking'oa kweli?"

"Naking'oa, mama. Mti umekufa, kisiki cha nini?"

"Juu ndiko kumekufa." Akatema pembeni. "Ukiniona naumia, utaacha?"

Kinyozi akacheka. "Nitaacha. Mimi ni mtoto gani nisiache?"

"Haya," mama akasema. "Basi mimi natangulia."

Hakumwuliza anatangulia wapi. Mwenye haraka haulizi.

Alichimba mfereji kuzunguka kisiki, akamwaga maji udongo ulegee, akaisafisha mizizi kwa brashi kuukuu, ile ya kupangusia nywele shingoni. Ilikuwa minne, minene kama mapaja, na katikati, chini kabisa, mzizi mkuu umezama wima. Saa tano akashika shoka. Wa kwanza, wa upande wa kushoto, ulikatika kwa mapigo sita.

Ndani, kikombe cha bati kikaanguka.

"Mkono umekufa," mama alimwambia mkwewe. Ulikuwa wa kushoto. Haukuvimba, haukupinda. Ulining'inia tu, kama mkono wa shati.

Kinyozi akaja, akautazama, akasema ni uzee. Akarudi kazini. Alasiri akakata mzizi wa kulia, na mkono wa kulia ukafuata.

Zahanati walimpima presha wakakuta presha ya msichana. Wakampa vidonge vyeupe, wakasema arudishwe baada ya wiki mbili.

Jumapili mkewe Kinyozi alikuwa anakunja nguo. Alisema bila kuinua macho, kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

"Baba watoto, mimi nilikuwa nimesimama pale. Shoka lilipotua ndipo kikombe kilipoanguka. Mara zote mbili nilikuwa pale."

"Sema unachotaka kusema."

"Nimeshasema."

Na hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Kinyozi alikuwa ameshaona. Aliona kabla ya mkewe. Mzizi wa kushoto, mkono wa kushoto. Mzizi wa kulia, mkono wa kulia. Mtu anayenyoa hapotezi pande. Wiki nzima, akisukuma mashine kwenye visogo vya watu, alikuwa anajisemea kwamba mikono imeshakwenda, haitarudi, na akiacha sasa atakuwa amemuumiza mama bure. Kisha likaja wazo jingine, likakaa juu ya lile. Chumba cha mama kiko barabarani. Kikibaki wazi, ukuta ukavunjwa, kibanda kitaingia viti viwili.

Hilo la pili hakumwambia mtu wakati ule. Moyo wa mtu ni kichaka.

Jumatatu ya pili alikata mzizi wa tatu. Mguu wa kushoto ukaenda. Mama hakulia. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha, na Kinyozi akiinua kichwa anauona uso wake, umetulia, unamtazama.

"Unaumia, mama?" akauliza kupitia nondo.

"Si unaniona."

Kinyozi akainamisha macho. Akatafuta shoka, akalipata. Akakata wa nne.

Jumatatu ya tatu mkewe aliukalia mtaimbo.

"Mwache," akanong'ona. "Nakuomba. Mwache mama wa watu."

"Umebaki mmoja."

"Ndiyo nakuambia mwache."

Aliuchomoa mtaimbo chini yake, akashuka shimoni. Shimo lilikuwa limefika kifuani. Mzizi mkuu ulikuwa mweupe, hauna maganda. Akapiga shoka. Halikugonga. Liliingia, kama kwenye nyama. Akapiga la pili. Akaweka kiganja aone umebaki kiasi gani.

Ulikuwa na joto.

Ulikuwa unadunda.

Akapiga la tatu.

Kimya. Kuku waliacha kuparua. Kisha akasikia nyayo. Zilitoka chumbani, pole pole, zikapita barazani, zikaja bustanini. Mkewe alirudi nyuma, kiganja mdomoni. Mama alikuwa anatembea. Mikononi, mikono yote miwili, alikuwa amebeba kigoda.

Akakiweka ukingoni mwa shimo, akakaa.

Kinyozi akataka kupanda. Miguu haikusikia. Shoka lilimtoka, wala hakujua limemtoka, mpaka aliposikia chuma kikigonga chuma.

"Mama."

"Nilionja kwanza," mama akanong'ona. "Wiki mbili nzima nimekuonjea, mwanangu, na wewe unanitazama. Ungeacha, yangeishia kwangu."

Kamba aliyoiandaa kuvutia kisiki ndiyo tuliyomtolea yeye.

Tangu hapo analala chumba kile kile cha barabarani, kitanda kile kile chini ya dirisha. Shingo inageuka, ulimi unafanya kazi, basi. Ndiyo maana haya yote tunayajua, hata lile la viti viwili: ameyasema mwenyewe, kwa kila kinyozi aliyekuja kumnyoa. Shimo mama alilifukia peke yake, alasiri moja. Kisiki pia alikiburuta peke yake mpaka chini ya dirisha, na ni kisiki ambacho wanaume wanne walikitikisa kikakataa. Kila asubuhi alikuwa anajaza maji kikombe chake cha bati, anapiga funda moja, yanayobaki anakimiminia kisiki. Siku moja alichelewa kliniki, hakukimwagilia. Kufika jioni midomo ya Kinyozi ilikuwa imepasuka, inatoka damu, na maji ya kunywa hayakusaidia.

Miaka mitatu mama aliendelea hivyo. Mchwa hawakukigusa kisiki kile, mvua haikukiozesha. Halafu mvua za mwaka jana mama akafa, kimya kimya, kama taa iliyoishiwa mafuta. Tulimwosha wenyewe, tukamzika. Mkewe Kinyozi alikusanya vitu vyake, kanga, kopo la ugoro, kikombe cha bati, akavitia sandukuni na kufunga. Ufunguo anao shingoni, haumtoki hata akioga.

Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi alitoka kufagia. Kisiki kilikuwa kimelowa. Juu yake kikombe cha bati kimefunikwa kifudifudi. Alikwenda kulitazama sanduku: limefungwa. Akakirudisha kikombe humo, akafunga tena. Kesho yake kikawa nje. Mwezi mzima alikirudisha, sasa ameacha. Nimekwenda kukiona kwa macho yangu haya. Ukingoni kina alama ya kahawia, imejikunja kama mwezi mchanga, mbichi, ukiigusa inashika kidole.

Midomo ya Kinyozi haijapasuka tena. Kila akiamka anaikuta imeloweshwa. Na yeye, ambaye maishani mwake hajawahi kugusa ugoro, anamwomba mkewe maji ya kusukutua, maana ulimi wote ni mchungu.