Gunia la Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, msichana mmoja ambaye kaka yake alimbandika jina la Mpelelezi alifagia uani huku sikio likiwa mlangoni. Ndani, mama yake aliinamia cherehani, akishona sare za shule za wateja. Wote wawili walikuwa wakisubiri kengele ya baiskeli ya mjomba.

Mjomba ndiye aliyekuwa akileta gunia la unga na ada ya chuo kutoka kwa baba wa kaka. Mpelelezi na kaka yake walichangia mama tu. Baba yake Mpelelezi alikuwa amefariki, na yule wa kaka alikuwa mwokaji wa mikate upande wa pili wa mji. Alipoachana na mama aliahidi kwa mdomo kwamba angemtunza mwanawe mpaka amalize masomo. Mashahidi walikuwa mjomba, kwa upande wa mama, na shangazi, dada mkubwa wa mwokaji. Hawakuandikishana popote, lakini miaka yote gunia lilifika.

Tangu kaka atimize miaka kumi na minane, mjomba alikuwa akija mikono mitupu.

"Bado ni yaleyale, dada," mjomba alisema siku hiyo, macho yake yakiwa sakafuni. "Anasema kijana ni mtu mzima, kazi yake imekwisha."

"Basi naiuza cherehani," mama alijibu. "Mteja anakuja jioni. Mwanangu haachi chuo cha umeme akiwa amebakiza mwaka mmoja."

"Tukamwone shangazi yake kwanza."

"Na maandishi yako wapi? Mtu mwenyewe ataruka kimanga."

Mpelelezi hakuwa akiwasikiliza tena. Aliikodolea macho baiskeli. Matairi yalikuwa mapya, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na vumbi jeupe la unga. Na kwa nini mjomba hakumtazama mama usoni?

"Mjomba, unga ulioacha vumbi kwenye baiskeli umeupeleka wapi?"

Mjomba aliishika baiskeli yake na kuikokota hadi nje.

"Umemwambia nini mjomba wako!" mama alifoka.

Lakini Mpelelezi alikuwa ameshatoka mbio kwenda kutafuta ushahidi. Alimkuta mwokaji akipanga mikate dirishani, akamuuliza moja kwa moja kama mjomba anawaibia.

"Mjomba wako? Hajachukua hata kiganja," mwokaji alisema. "Anakuja kunibembeleza tu, na baiskeli anaiegemeza hapo penye magunia. Kaka yako mwenyewe ndiye aliyekuja akaniambia mbele ya wafanyakazi wangu, 'Mimi sasa ni mwanamume, usitume tena.' Nami nikashukuru."

Mpelelezi alirudi nyumbani polepole, uso umemshuka, akamweleza mama kila kitu. Kaka alikuwa ameketi kizingitini. Hakukana.

"Wenzangu chuoni walinicheka," alisema. "Walisema nina ndevu na bado nalishwa na baba. Nilipokuona unataka kuuza cherehani nilitaka kusema, mama, lakini aibu ilinifunga mdomo."

"Ahadi ile nilipewa mimi, nikiwa nimekupakata," mama alisema. "Ulipata wapi ruhusa ya kuifuta peke yako?" Kisha alijifunga kanga vizuri. "Cherehani siiuzi. Twendeni tukamchukue mjomba na shangazi."

Kwa mjomba, Mpelelezi alipiga magoti na kuomba radhi huku akilia. Mjomba alimwinua, ingawa hakutabasamu.

Dukani kwa mwokaji, shangazi alianza kabla hata ya salamu.

"Mdogo wangu, siku ile nilikuwepo, na masikio yangu ni mazima. Hukusema mpaka aote ndevu. Ulisema mpaka amalize masomo."

"Lakini kijana mwenyewe alikataa, dada!"

"Hukumwahidi yeye, uliniahidi mimi," mama alisema kwa utulivu. "Ukikataa, twende ustawi wa jamii. Mashahidi wangu hawa hapa, na mmoja ni wa tumbo moja nawe."

Wateja walikuwa wameacha kuchagua mikate. Mwokaji aliwatazama, akamtazama mwanawe aliyeinamisha kichwa, akashusha pumzi.

"Basi, yaishe. Jumatatu nitakwenda chuoni kulipa ada mwenyewe." Akabeba gunia la unga hadi kwenye baiskeli ya mjomba.

Njiani, mama aliwaweka wanawe mmoja kila upande.

"Ahadi iliyotolewa mbele ya watu ina uzito hata kama haikuandikwa," alisema. "Wewe kaka, mtu mzima si yule anayekataa msaada ili asichekwe. Mtu mzima husema ukweli mapema, kabla mwenzake hajaumia. Nawe Mpelelezi, kushuku si dhambi, ila kuuliza kunatangulia. Ulimpaka mjomba wako matope kwanza, ndipo ukaenda kuuliza."

Mpelelezi alikwenda nyuma ya baiskeli, akalishika gunia lisianguke.

"Mjomba," alisema kwa sauti ndogo, "naomba kukuuliza. Matairi haya uliyapata wapi?"

Mjomba alisimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Hapo sasa! Nimeyanunua kwa jasho langu, mpwa wangu. Yale ya zamani yalimalizwa na gunia lenu."