Nilimficha Elia ili Ndeshi Apate Kazi ya Maana

Nina miaka sitini na saba. Mimi ni Mchaga wa Machame, mjane, na hapa mtaani Daraja Mbili nimekaa tangu nyumba zikiwa za kuhesabika. Nauza ndizi sokoni. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika mnivumilie. Haya sikutaka kumpa mtu aniandikie... Nimechoka kuyabeba.

Nilizaa watoto sita, nikalea sita. Wa mwisho, Aikande, alifariki akaniachia wajukuu wawili. Mkubwa ni Ndeshi. Mdogo ni Elia, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Singida aliyekuja huku kufuata madini, akapotea hata kabla mtoto hajazaliwa.

Elia alizaliwa kwa shida. Mama yake alikaa na uchungu siku mbili, na mtoto alipotoka hakulia. Alifika miaka minne hajakaa mwenyewe, hajasema hata neno moja. Shingo ilikuwa inalegea, mikono imekakamaa. Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo. Mtaani walisema laana, wengine wakasema mama yake alikula asichopaswa kula.

Na mimi bibi yake nilifanya nini? Nilimweka chumba cha nyuma! Wageni wakija, navuta mlango. Mchungaji alipokuja kutubarikia nyumba, chumba hicho nilimwambia ni stoo. Ndiyo, nilimwonea aibu damu yangu mwenyewe.

Ndeshi hakumwonea aibu. Alipomaliza kidato cha nne alisikia kuna kituo kule Levolosi, ukumbi wa nyuma ya kanisa, kinachopokea watoto wadogo wa namna ile. Akambeba Elia mgongoni kwa kanga, mchana kweupe, akapita naye mbele ya maduka yote. Mtoto mkubwa wa miaka minne, miguu inaning'inia! Nilitamani ardhi inimeze.

Walirudi Ndeshi akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu mama yake afariki. Alinieleza kuwa kule watoto wanafundishwa kukaa, kushika kijiko, kuomba maji kwa kuonyesha picha. Akawa anakwenda naye mara tatu kwa wiki. Haukupita muda Elia akaanza kucheka akisikia komeo la mlango likifunguliwa.

Ndipo Ndeshi akaniambia ameshapata kazi anayoitaka maishani. Kituo kilikubali akae nao mwaka mzima ajifunze, kisha wamwombee nafasi chuoni asomee ualimu wa watoto wale.

Nilihisi kama nimepigwa mchi kifuani.

Mkumbuke enzi zile zilivyokuwa. Mambo ya biashara yalikuwa yamefunguliwa. Mitumba imejaa, magari ya watalii yanapishana mjini, kila mwenye kidato cha nne anatafuta ofisi yenye simu mezani. Binti wa jirani yangu alikuwa ameajiriwa hotelini, anavaa viatu vya kugonga sakafu. Mimi katika ukoo mzima nilikuwa na msomi mmoja tu, huyo Ndeshi. Na nilikuwa nimeshamsumbua mzee mmoja wa kanisa mpaka akamtafutia nafasi ya mapokezi kwenye kampuni ya kupeleka wazungu mbugani. Ofisi ya vioo! Leo aniambie nini?

Mama Jose, mwenye meza ya nyanya karibu na yangu pale sokoni, alisikia. Siku moja Ndeshi amekuja kuniletea chakula, Mama Jose akamwuliza huku wateja wanasikia, "Hivi wewe umesoma miaka kumi na moja ili ukafute watu udenda?"

Ndeshi akamjibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Hata wewe kuna mtu alikufuta."

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona tumevuliwa nguo sokoni.

Ugomvi wetu mwingine ulikuwa chakula. Sisi tumelea watoto kwa kiganja. Unamlaza mtoto mapajani, unakinga kiganja mdomoni, unamimina uji, akitaka kupumua anameza. Hivyo ndivyo nilivyokuza sita. Ndeshi alirudi na mambo yake ya kituoni... Elia asilishwe amelala. Alishwe amekaa, mgongo umeegemezwa, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo, na usubiri mpaka ameze ndipo umpe kingine. Chakula kimoja kinachukua saa nzima! Alinieleza kwamba koo la mtoto yule halifanyi kazi kama la mwingine, uji unaweza kuingia mapafuni. Alinieleza mara ya kwanza, ya pili, ya kumi.

Mimi nilimjibu kwamba nimelea sita kabla yeye hajajua kufunga kiatu.

Hapo ndipo shetani aliponiingia, au niache kumsingizia shetani... Ni mimi. Niliwaza hivi: kinachomfunga msichana huyu ni Elia. Elia akiondoka machoni, huo wazimu wa kituo utaisha na ataenda ofisini.

Nina mdogo wangu aliyeolewa Meru, huko Akeri mlimani. Mwanamke mwema, mwenye migomba yake na ng'ombe wawili, watoto wake walikuwa wameshaondoka wote. Nilimwomba anishikie mtoto kwa muda, akakubali bila hata kuuliza kwa nini. Siku ambayo Ndeshi alikwenda Kimandolu kumwona rafiki yake mgonjwa, nilimfunga Elia mgongoni nikampeleka.

Pale uani mdogo wangu alimpokea, akamtazama usoni, akaniuliza, "Dada, huyu analishwaje?"

Ndugu wasomaji, hapo ndipo palikuwa na uhai wa mtu. Nilikuwa nayajua maneno yote. Nilikuwa nimeyasikia mara kumi. Lakini kuyasema ingekuwa ni kukubali kwamba mtoto wa juzi anajua kulea kuliko mimi.

Nikamjibu, "Kama mtoto yeyote."

Nikanywa chai, nikashuka mlima.

Ndeshi aliporudi nilimwambia ndugu za baba yake Elia wamekuja kutoka Singida kumchukua mtoto wao, na sikuwa na haki ya kuwazuia. Alilia siku mbili. Alitaka kufunga safari. Nikamwambia hawakuacha hata jina la kijiji. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye niliyemlea.

Baada ya wiki moja akakubali kwenda ofisini. Nilimshonea sketi mwenyewe! Nilipita mbele ya vioo vile makusudi, nimebeba mkungu wa ndizi kichwani, ili tu nimwone amekaa na simu mezani. Mama Jose nilimsimulia mpaka akanichoka. Furaha yangu ilidumu wiki tatu.

Mume wa mdogo wangu ndiye aliyenifuata sokoni. Aliniambia Elia alipaliwa na uji, kifua kikaanza kukoroma, akapata homa. Walimpeleka hospitali wakaambiwa ni nimonia. Alikaa wodini siku nne, ya tano akafariki.

Niliweka kisu changu cha ndizi chini. Sikulia. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu... nitamwambia nini Ndeshi?

Sikumwambia mwenyewe, niliwaachia ndugu. Alitolewa kazini akapelekwa Machame kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kuzika mtoto ambaye alijua yuko Singida. Alikuja na ile sketi niliyomshonea, na hapo msibani ndipo aliposikia kwamba Elia alikuwa Akeri kwa mdogo wangu.

Baada ya kaburi kufukiwa, watu wamekaa kwenye mabenchi wanakunywa chai, Ndeshi alikwenda akachuchumaa mbele ya mdogo wangu. Akamshika mikono. Akamwuliza Elia alikuwa analishwaje.

Mdogo wangu, masikini, hana hatia. Alisema, "Kama mtoto yeyote, mwanangu. Kwa kiganja. Ndivyo dada alivyoniambia."

Ndeshi akageuka akanitazama. Afadhali angenitukana! Afadhali angenitupia kikombe! Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu usiyemjua aliyesimama mlangoni kwako.

Kesho yake aliacha kazi ya ofisini. Alichukua nguo zake akahamia kituoni Levolosi, akapewa kitanda pamoja na wapishi. Alijifunza mwaka ule, akaenda chuo, akarudi palepale. Mimi habari zake nazipata kwa watu, kama za mtoto wa jirani.

Miaka miwili nilivumilia. Mwaka wa tatu nikaona hapana, sisi Wachaga tuna njia yetu. Ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unampelekea ukiwa na wazee, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Hata kama ulimwaga damu, akipewa sale anapokea. Nikachuma sale kihambani, nikawachukua wazee wawili wa ukoo, tukaenda mpaka kituoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na watoto. Tukamtoa nje. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha mbele ya wazee wale.

Alilitazama, akawatazama wazee... Akalipokea.

Wazee wakashukuru, tukaenda kunywa soda. Mimi Jumapili ile nilitoa shukrani kanisani! Nilijua Krismasi Ndeshi atakuja nyumbani. Nikaandaa machalari, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama, nikatandika kitambaa.

Hakuja. Pasaka hakuja.

Nikamfuata na hasira zangu. Ndiyo, hasira! Nikamwuliza kama alipokea sale kwa mkono tu au kwa moyo. Kumbe alikuwa anasubiri siku nitakayomwuliza. Alinipa kiti, akakaa na yeye, akasema taratibu bila kupandisha sauti.

"Bibi, nilipokea kwa sababu ulikuja na wazee wawili na jani mkononi. Ningefanya nini? Hukuniuliza kama niko tayari. Na kazi hukuniuliza. Na Elia hukuniuliza. Kila jambo unakuja nalo limeshaamuliwa, mimi kazi yangu ni kupokea."

Mimi, niliyejibu kila mtu maisha yangu yote, leo nikawa wa kuuliza!

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, nifanye nini. Akasema hajui. Akasema shikamoo yake kwangu ni ya kweli, na nikiumwa atakuja. Lakini kulala ndani ya nyumba ile bado hawezi. "Nikiweza nitakuja, bibi. Usinitumie mtu."

Huu ni mwaka wa tisa tangu tumzike Elia. Ndeshi siku hizi ndiye mwalimu mkuu wa kituo. Wazazi wanatoka mpaka Monduli kumletea watoto waliokuwa wamefungiwa ndani kama nilivyomfungia wangu. Watu wananisimamisha barabarani. "Wewe ndiye bibi yake mwalimu Ndeshi? Mwanangu anatembea kwa sababu yake." Kifua kinanijaa, sidanganyi. Ninajivunia huyu mtoto kuliko wote niliozaa. Halafu nakumbuka kwamba kazi hii nilitaka kumnyang'anya, na kwamba gharama ya kiburi changu aliilipa mtoto ambaye hakuweza hata kusema "bibi, nakabwa."

Alikuja mara moja, nilipovunjika kiuno. Alinihudumia hospitali siku tisa, akanigeuza, akaninawisha, kama anavyowafanyia watoto wake wa kituoni. Nilipopona alinifikisha mlangoni kwangu, akaweka mkoba wangu chini, akaniaga. Ndani hakuingia.

Wenzangu mnaosoma haya, hasa sisi bibi tunaojiona tumemaliza kujua, nawasihi. Mwenye mtoto wa hivyo, mtoe chumba cha nyuma. Mtu akikufundisha namna ya kumlisha, hata kama mtu huyo ulimvalisha nepi, nyamaza ujifunze. Mjukuu akikwambia moyo wake uko wapi, usimtafutie ofisi ya vioo kwa ajili ya macho ya sokoni. Hao wa sokoni siku ya msiba wanakunywa chai yako wanaondoka.

Na ukishakosa, usikimbilie kuokoa uso wako kwa wazee na mila. Nenda peke yako, uulize. Ukiambiwa "bado", urudi nyumbani, ufagie uwanja, usubiri. Mimi ndivyo ninavyofanya, na miguu imeshachoka kusimama mlangoni.