Gari Langu Liliitwa Nuksi

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Niliolewa nikaachika, mtoto sina, na kazi yangu ni kupamba maharusi. Haya siyaandiki ili mnionee huruma. Nayaandika kwa sababu mpaka leo nina hasira!

Marehemu mama aliniachia shamba la minazi kule Kigombe. Ndugu walinisihi nisiliuze. Nililiuza, nikanunua gari jeupe la kubebea maharusi. Nilikuwa nampamba bi harusi, nafunga maua kwenye gari, kisha namwendesha mwenyewe hadi ukumbini. Nilipigiwa simu kutoka Muheza, Pangani, hata Horohoro mpakani. Gari lilikuwa na kasoro moja tu. Bi harusi mmoja mwoga alishika dari kabla piko halijamkauka mikononi, akaacha alama ya vidole vinne juu ya kiti cha nyuma. Nilisugua nikachoka, nikaizoea.

Shoga yangu mkubwa alikuwa Rukia. Tulisoma chuo cha Kurani pamoja tukiwa wadogo, na nilipoachika ni yeye aliyenipokea kwake. Mumewe, Mbwana, ananunua pweza na samaki kwa wavuvi na kuwaleta mjini kwa pikapu. Watu hawa wawili nilikula nao sahani moja... sahani moja, jamani!

Siku ya mkasa nilikuwa narudi kutoka Kigombe peke yangu. Nikasimama kupisha ng'ombe. Nyuma yangu alikuwa Mbwana, simu sikioni, na wala hakuona kwamba nimesimama. Alinivaa kwa kishindo! Nyuma ya gari ilibonyea yote, na shingo yangu iliniuma kwa wiki kadhaa. Polisi walipopima walisema kosa ni lake, naye hakubisha.

Baada ya siku chache walikuja nyumbani kuomba radhi, kama ilivyo desturi yetu. Mbwana, Rukia, wazee wao wawili, birika la kahawa na sahani ya halua. Rukia alilia, akanishika magoti.

"Mwenzangu, haya ni mambo ya Mungu," akasema. "Gari litatengenezwa na bima ya mume wangu. Weye tamka tu umesamehe, wazee wasikie."

Nikatamka. Tukala halua, wazee wakaomba dua, wakaondoka. Ningejua lile neno moja litanigeuka, si ningeuma ulimi?

Bima ya Mbwana ikalipa gereji. Mafundi wakanyoosha bodi, wakapiga rangi, gari likang'aa. Nilidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza!

Bi harusi wa kwanza alighairi. Mama yake alinipigia kwa aibu, akasema hawezi kumpandisha mwanawe kwenye gari lililopata ajali, ni nuksi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hakupiga hata simu. Nikajiuliza, watu wa Pangani wamejuaje habari za gari langu? Nilipomuuliza Rukia, alishusha pumzi akaniambia watu wana maneno, na gari likishaitwa nuksi, basi tena. Akanishauri niliuze kabla sijafa njaa. Dalali, akasema, atamleta yeye mwenyewe.

Dalali alikuja na bei ya matusi. Nikamfukuza. Lakini kazi zilikatika kabisa, nikamwita mwenyewe arudi. Mnunuzi sikumwona, niliambiwa ni mtu wa Korogwe. Shamba la mama yangu likaishia hapo... Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku ya talaka!

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi. Nikapata kazi ya kumpamba dada mmoja ambaye ni karani wa bima. Nikiwa namchora piko nilimsimulia yote, naye akatoa macho.

"Dada, wewe umelipwa matengenezo tu," akaniambia. "Gari likishagongwa, hata likitengenezwa vipi, bei yake inashuka. Hiyo thamani iliyopotea nayo unaidai kwa bima ya aliyekugonga."

Nikaenda kudai. Nikamlipa mthamini, akaeleza bei ya gari langu kabla ya ajali. Lakini watu wa bima ya Mbwana wakanikatalia. Walisema mteja wao amewaeleza kuwa nilishasamehe kila kitu mbele ya wazee, na kwamba gari lilitoka gereji zima, halikupungua thamani hata kidogo. Nikauliza shahidi wake ni nani. Wakanitajia jina. Nikaomba walirudie... Rukia!

Nilitoka pale bila kuaga. Niliapa, haki yangu siiachi! Nikapeleka malalamiko kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima.

Kabla ya siku ya kikao nilikuwa na harusi ya kupamba hapa hapa Chumbageni. Gari la kumchukua bi harusi likaja, la rangi ya krimu, limefungwa maua, namba zimefunikwa kwa kadi ya majina ya maharusi. Dereva alikuwa Mbwana! Aliponiona aligeuza uso kama hanijui. Nikafungua mlango wa nyuma nimkalishe bi harusi, nikainua macho. Vidole vinne!

Walilinunua wao. Walinitangazia nuksi mji mzima ili walipate kwa bei ya chuma chakavu, kisha wakalipaka rangi na kuchukua wateja wangu. Damu ilinichemka! Ningeweza kupiga kelele pale pale. Lakini bi harusi alikuwa amenishika mkono, anatetemeka, naye hana kosa. Nikampangia shela vizuri. Nikapiga picha dari kwa simu, nikainua kadi nikapiga picha namba, na Mbwana naye nikampiga picha akiwa kwenye usukani. Kisha nikapiga kigelegele kuliko wanawake wote waliokuwepo.

Kwenye kikao msuluhishi alikuwa mama mmoja mpole. Rukia alikuja na mumewe, amevaa baibui jipya. Nikaomba nimuulize swali moja tu.

"Rukia, gari langu lilishuka thamani?"

"Halikushuka. Zima kabisa."

"Wallahi?"

"Wallahi!"

Nikamkabidhi msuluhishi simu yangu, aone picha. Nikasema, kama gari lilikuwa zima, watu hawa wameniibia kwa kulinunua kwa bei ile. Na kama bei ile ilikuwa halali, basi gari lilishuka, na nilipwe. Wachague wenyewe!

Mbwana akamgeukia mkewe kwa hasira. "Si nilikwambia lile gari tusilitie kwenye maharusi ya Chumbageni?"

Alisema hivyo mbele za watu! Msuluhishi akamuuliza Rukia kama siku ya radhi nilisamehe na hasara ya gari. Akajibu, kwa sauti ya chini, kwamba hasara haikutajwa, ilisemwa tu bima italitengeneza.

Mchimba shimo huingia mwenyewe. Ilihesabiwa tofauti ya bei ya mthamini na ile waliyolinunulia wao, na kwa vile walinikandamiza sana, tofauti ilikuwa kubwa. Bima ililipa hadi kikomo chake, kilichobaki kikatoka mfukoni kwa Mbwana. Akauza pikapu. Siku ilipochukuliwa nilisimama njiani nikaitazama mpaka ikapinda kona, na moyo wangu ukaburudika! Lile gari la rangi ya krimu hakuna anayelikodi sasa. Kila aliyeniuliza nilimwambia ukweli, ni lile lile. Nuksi waliitunga wao, mimi nimewarudishia.

Fedha haikurudisha shamba lote la mama. Nimenunua kipande chenye minazi michache.

Wiki iliyofuata Rukia alikuja na halua. Akanishika magoti kama mara ya kwanza, akaniomba msamaha. Nikamwambia nimemsamehe. Akaangua kilio, akanyanyuka anikumbatie.

"Subiri," nikamwambia. "Nimekusamehe, lakini sijakuhalalishia ulichonidhulumu. Hilo tutakutana nalo mbele ya Mungu."

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Mtu akikugonga kisha akaja na kahawa na wazee, mpokee, lakini usitamke neno kabla hujajua umepoteza nini. Taja unachosamehe, na usichosamehe kitaje pia! Wala usikubali kuuza kitu chako kwa ushauri wa mtu ambaye mumewe ndiye aliyekiharibu.

Rukia bado analeta halua kila Ijumaa. Nami kila Ijumaa nairudisha sahani ikiwa imejaa vile vile, haijaguswa.